Mistari Iliyolala

Mnanichosha na hii hadithi. Kila baridi inapowahi mnakuja kujazana kwenye moto wangu, mnamaliza samadi kavu niliyoikusanya kwa mgongo wangu mwenyewe, halafu mnajifanya mmekuja kunijulia hali. Hamkuja kunijulia hali. Mmekuja kusikia habari za blanketi. Mnataka niwatishe, kana kwamba ni mambo ya watu wa mbali. Mwanamume aliyekufa katika hadithi hii nilimzaa mimi. Mwenye kosa pia nilimzaa mimi. Kwa hiyo mtakaa kimya, na atakayecheka atatoka nje akacheke na mvua.

Haya.

Ulikuwa mwisho wa mwezi wa tatu, mahindi bado yamesimama shambani. Asubuhi watu walikuwa wanalalamika jua. Mchana upepo ukageuka ukaja kutoka kusini, na ulikuja na ile harufu ya chuma kilicholowa. Saa tisa mvua ikaanza. Saa kumi ilikuwa imeanza kuuma, maana ndani ya kila tone mlikuwa na punje ya barafu.

Puseletso, mjane wa mwanangu Tieho, alitoka kuingiza samadi ya kuchomea kabla haijalowa. Kazi ndogo tu. Alibeba kapu la kwanza, la pili, na kwenye la tatu akainua macho kuangalia mlimani. Ukingo wa mlima ulikuwa umeshamezwa na wingu jeupe. Kapu likamtoka mikononi.

Kule juu kulikuwa na mbuzi wake. Mbuzi kumi na tisa wa manyoya, ndio mali pekee aliyoachiwa, na walikuwa wamenyolewa siku sita kabla ya hapo.

Mbuzi wa manyoya akishanyolewa ni kama mtoto aliyetoka kuzaliwa. Akinyeshewa mvua baridi usiku mmoja, asubuhi unamkuta mgumu kama ubao. Ndiyo maana sisi watu wa milimani tukinyoa mwisho wa kiangazi hatunyoi wote. Tunaacha ukanda mgongoni, upana wa vidole vinne, kutoka shingoni hadi mkiani. Ukanda huo ndio blanketi la mbuzi. Hata mpumbavu anauacha.

Lakini Puseletso hakuwepo wakati wa kunyoa. Alikuwa bado amevaa nguo nyeusi, na mjane mwenye nguo nyeusi hakanyagi zizi, hapiti katikati ya mifugo, na jua likizama lazima awe ndani. Tangu Tieho alipokufa mwezi wa kumi na mbili kwa kifua alichotoka nacho machimboni, mbuzi walikuwa mikononi mwa mdogo wake, Seabata. Huyo ndiye mwanangu wa pili. Mwanamume wa maneno mengi, mikono mirefu.

Kule juu kuna pango. Tieho mwenyewe alilijengea ukuta wa mawe na mlango wa mbao, na linaingiza mbuzi hamsini bila kubanana. Seabata alikuwa amelitia kufuli. Mbuzi wake thelathini walikuwa ndani. Wa Puseletso walikuwa nje, kwenye zizi la mawe lisilo na paa.

Kwa hiyo Puseletso akajifunika gunia kichwani akamfuata Seabata kwa Mama Khauta, ambako bendera nyeupe ilikuwa imepandishwa tangu asubuhi kuonyesha kuna pombe. Mjane haingii penye pombe. Akasimama nje, kwenye mvua, akangoja mtu amwone.

"Nani huyo anatulowea hapo mlangoni?" akauliza Mama Khauta.

"Naomba uniitie shemeji yangu."

Seabata hakutoka. Alisogea tu hadi karibu na mlango, kopo mkononi.

"Shemeji. Umefuata pombe?"

"Nimefuata ufunguo wa pango. Mbuzi wako nje."

"Mbuzi hukaa nje. Wangekuwa wanakaa ndani tungewaita wakwe."

Wanaume wakacheka. Puseletso akangoja wamalize.

"Wamenyolewa juzijuzi tu, shemeji. Na hii mvua inageuka barafu."

"Itakatika."

"Lini?"

"Ikichoka."

"Pango lina nafasi. Enzi za kaka yako walikuwa wanaingia wote."

"Enzi za kaka yangu zimekwisha." Akanywa. "Mle nina vitu vyangu. Sitaki vikanyagwe."

"Vitu gani?"

"Vya wanaume."

"Basi niambie kitu kimoja. Uliwaachia ukanda?"

Seabata akatazama ndani ya kopo. Mzee mmoja kule ndani akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayejua jambo na hataki kuulizwa.

"Mnunuzi alitaka manyoya yote," akasema Seabata. "Shemeji, jua limezama. Nenda nyumbani, watu wasije wakakusema."

"Halijazama."

"Na mawingu haya wewe unalionea wapi?"

Wakacheka tena. Puseletso akageuka akaondoka. Alikuja hapa kwangu, akasimama pale pale unapokaa wewe mwenye masikio, akaniambia yote. Nikamwambia asubiri asubuhi. Ndiyo, mimi. Msinitazame hivyo. Nilimwambia mjane mwenye nguo nyeusi hapandi mlimani wakati wa magharibi, na kwamba mbuzi hupatikana wengine.

"Wanapatikana wapi, mama?" akaniuliza. "Wewe unao?"

Sikuwa nao.

Akachukua magunia matupu yote niliyokuwa nayo, akayafunga kwa kamba mgongoni, akatia kiberiti kifuani, akaondoka. Hakuniaga.

Njia ya kupanda ni ya mwendo wa saa nzima kama ardhi ni kavu. Siku ile ilikuwa tope linaloteleza, na juu ya tope utando mwembamba wa barafu uliokuwa unavunjika kila akikanyaga. Kra... kra... Nguo yake nyeusi ilinyonya maji ikawa nzito kama iliyotoka kufuliwa. Alikuwa anatukana. Alimtukana Seabata, akamtukana mnunuzi, akanitukana na mimi, na mwisho akamtukana marehemu aliyemwachia mbuzi bila kumwachia ruhusa ya kuwagusa. Aliniambia haya mwenyewe na sikuona sababu ya kukasirika.

Alipofika nusu ya njia akasikia nyayo nyuma yake.

Kra... kra...

Akasimama. Nyayo zikasimama.

Akajiambia ni mwangwi. Akaendelea.

Mwanga ulikuwa bado upo alipofika zizini, ule mwanga wa kijivu usiotoka upande wowote. Mbuzi walikuwa wamejirundika kona moja, wa juu wanawakanyaga wa chini, ngozi yao ya waridi inaonekana wazi kama ya kuku aliyenyonyolewa. Hata mmoja hakuwa na ukanda mgongoni. Wawili walikuwa wamelala pembeni, miguu imenyooka, barafu imeshika kope zao. Wengine walikuwa wameacha kutetemeka. Kama hamjui, niwaambie. Mbuzi anayetetemeka bado ni wako. Akiacha, anaondoka.

Puseletso akaondoa mti wa lango. Na hapo miguu ikagoma. Si uoga. Ni mafunzo. Tangu akiwa mtoto aliambiwa mwanamke haingii zizini, na mwenye nguo nyeusi akiingia mifugo hufa. Na sasa ilikuwa inakufa mbele yake bila yeye kuingia. Alisimama langoni analia kwa hasira, akiwaita kwa majina, na hakuna aliyeinua kichwa.

Ndipo akasikia harufu.

Udongo. Udongo wa chini, ule usiojua jua. Na ngozi ya ng'ombe iliyolowa.

Mwanamume alikuwa ameketi juu ya ukuta wa zizi, upande wa pili. Kofia ya sufu imeshushwa hadi mdomoni, mikono ndani ya blanketi. Blanketi jembamba la kijivu, la bei ya chini, lile la kufunikia mizigo. Mvua ilikuwa inampiga na wala hajikunyati.

"Mama," akasema, sauti kavu. "Una moto?"

Puseletso akashika kiberiti kifuani. Kilikuwa kimelowa, kimekuwa uji.

"Sina."

"Mimi nina baridi."

"Sote tuna baridi, baba. Kama umekuja kunisaidia, nisaidie. Kama umekuja kuiba, chukua hao wawili waliokufa uende."

Akamtazama vizuri. Na jambo moja likamuudhi, katikati ya maudhi yote yale. Mistari ya blanketi lake ilikuwa imelala. Imemzunguka kama kamba za mzigo. Kwetu hata kichaa anajua blanketi huvaliwa mistari ikiwa imesimama, ili mtu akue, aende juu. Ukiilaza umemlaza mtu mwenyewe.

"Na ugeuze hilo blanketi," akamwambia kwa ukali. "Mistari imelala. Utadhani umevishwa na adui zako."

 Yule mtu akasema polepole.

"Ndivyo nilivyovishwa."

Puseletso akahisi baridi nyingine. Ilianzia kisogoni.

Mtu yule akashuka ukutani. Safari hii hakukuwa na ile kra, kra. Akaingia zizini, na akapiga mluzi. Mluzi wa sauti mbili, moja ndefu na moja fupi, ya pili ikikatika kama ya mtu aliyeishiwa pumzi.

Mbuzi wakainuka.

Wote kumi na saba. Waliokuwa wameacha kutetemeka wakaanza kutetemeka tena. Wakampita mguuni, wakatoka langoni, wakamzunguka Puseletso, na wakashika njia ya pangoni wenyewe kama walivyozoea zamani.

Mluzi ule aliujua. Alikuwa ameusikia kila jioni kwa miaka kumi na moja, na miaka ile ya mwisho ulikuwa unakatika kwa sababu ya kifua.

 Ungesema nini wewe?

"Kuna kufuli," Puseletso akanong'ona. "Ufunguo anao Seabata."

"Achana na kufuli. Inua mlango upande wa bawaba. Niliziweka zichomoke."

*Niliziweka.*

Puseletso akawawahi mbuzi akatangulia mbele, wao katikati, na yule mtu nyuma. Hakugeuka hata mara moja. Alifika mlangoni, akatia mabega chini ya ubao wa upande wa bawaba, akasukuma juu. Bawaba zikachomoka kama vidole kutoka kwenye asali. Hewa ya joto ya mbuzi thelathini ikampiga usoni. Wake wakaingia, wakajipenyeza katikati ya wenzao.

"Ingia na wewe," akasema bila kugeuka.

"Humo siingii. Kuna kitu changu humo, na sijapewa."

Ndani mwanga ulikuwa hafifu lakini ulitosha. Puseletso akaanza kuwafuta mbuzi kwa magunia, mmoja mmoja, mgongo na tumbo, huku meno yake yakigongana. Magunia yakalowa yote mapema. Akatafuta kitu kingine kikavu. Kwenye kona ya nyuma, juu ya mawe, kulikuwa na sanduku la bati. Vitu vya wanaume.

Akalifungua.

Juu kulikuwa na mkasi wa kunyolea. Chini yake mfuko wa manyoya, yale mafupi mafupi, ya ule ukanda wa mgongoni, ambayo hata mnunuzi hakuyaona. Na chini ya mfuko...

Blanketi zito la sufu, rangi ya udongo mwekundu, mistari myeusi.

Hakuhitaji kuangalia pembe zake, lakini aliangalia. Kwenye pembe kulikuwa na mishono mitatu ya uzi wa kijani. Alikuwa ameishona yeye mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, siku aliyolinunua blanketi lile ili mumewe alale nalo kaburini. Kwetu wanaume ndio wanaomvisha maiti mwanamume na kumlaza kwenye ngozi ya ng'ombe, mlango umefungwa, wanawake wako nje wanaimba. Puseletso alilikabidhi mlangoni kwa mikono yake. Seabata akalipokea. Baadaye akatoka akamwambia, shemeji, kaka amependeza.

Kule ndani Seabata aliingia na mablanketi mawili, hili na lile la kijivu. Sasa mnaelewa kwa nini hakutaka mtu aingie pangoni.

Puseletso akageuka.

Yule mtu alikuwa amesimama mlangoni. Amejaza mlango wote. Mvua nyuma yake ilikuwa imegeuka theluji, inashuka bila sauti. Mbuzi wote, arobaini na saba, walikuwa wameacha kutafuna.

"Nigeuzie," akasema.

Puseletso aliniambia alitaka kukimbia, lakini njia ilikuwa moja tu, na yule mtu alikuwa amesimama pale pale. Akamwendea. Akashika lile la kijivu mabegani akalivuta. Lilikuwa gumu, limeganda kama bati. Chini yake hakuangalia. Alifumba macho, akamtandazia lile jekundu mgongoni kwa kupapasa, akahakikisha mistari imesimama, akalifunga kifuani kwa pini aliyoitoa kwenye nguo yake mwenyewe. Vidole vyake viligusa shingo.

Jiwe la mtoni.

"Ahsante," akasema. Na ikasikika ile pumzi fupi, ya kifua, ile ile. Kisha akainama hadi mdomo ukawa karibu na sikio lake, na harufu ya udongo ikamfunika.

"Mlango ulikuwa umefungwa, nami nilikuwa nimefumbwa macho. Sikuona. Nani alinivisha lile jingine?"

Hapo ndipo hadithi inaponikata mimi. Nimemuuliza Puseletso mara mia. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa ukali, nimemuuliza akiwa mgonjwa na homa. Ulimtaja? Anachukua ufagio anaanza kufagia. Amekuwa akifagia tangu siku hiyo.

Kinachojulikana ni hiki. Usiku ulikuwa bado haujaingia sawasawa nilipomsikia Seabata akigonga mlango wangu kwa viganja vyote viwili. Alikuja bila blanketi, shati limeganda mwilini. Aliingia akajitupa kwenye moto, karibu auingie.

"Nimetembea na mtu," akasema. "Kutoka kwa Mama Khauta hadi hapo kwenye zizi la chini. Alikuwa upande wangu wa kushoto."

"Mtu gani?"

"Hakusema. Alisema tu, ndugu yangu, nifunike na mimi. Nikafungua blanketi nikamfunika, mama. Nilikuwa nimelewa, nikamfunika. Akawa anakaza. Anakaza..." Akaonyesha mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mweupe kuanzia begani hadi kwenye kucha. "Joto langu limekwenda lote upande huu. Limekwenda, mama. Weka samadi."

Niliweka samadi. Niliweka yote, hata ile iliyolowa. Nilimfunika blanketi langu, la Puseletso, la jirani. Alitetemeka hadi asubuhi, kitanda kikigonga ukuta.

Asubuhi jua lilitoka kama hakuna kilichotokea. Puseletso akashuka mlimani, mbuzi kumi na saba mbele yake. Akawapitisha katikati ya kijiji akiwa amevaa nguo nyeusi, na hakuna mwanamume aliyefungua mdomo kumkataza. Juu ya kaburi la Tieho, kwenye theluji isiyo na alama ya mguu wa mtu, tukakuta blanketi la kijivu. Limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama kinavyorudishwa kitu kwa mwenyewe. Jekundu hatujaliona tena.

Mjomba wao akaja, wazee wakakaa. Seabata alikiri kabla hajaulizwa. Aliamriwa atoe kondoo mweusi wa kumtuliza marehemu, akatoa. Aliamriwa ampe shemeji yake mbuzi wawili kwa wale waliokufa, na wawili wengine kwa ajili ya ukanda, akatoa. Wazee wakala nyama, wakafuta midomo, wakasema limekwisha.

Halijaisha. Tangu siku ile mwanangu hajapata joto. Mwezi wa kwanza, jua la kupasua vichwa, watu wamevua mashati, yeye anatetemeka. Tumemfunika mablanketi saba, ya sufu. Hayamshiki. Kitu kimoja tu ndicho kinachomtuliza asigonge meno, nanyi mnakijua, maana mnamwona kila siku akipita hapo nje mnajifanya hamwoni.

Nimelifua lile la kijivu mtoni kwa sabuni ya mche, mara nne. Harufu ya udongo haitoki. Kila jioni anakuja hapa, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, anasimama mbele yangu kama mtoto anayevishwa kwenda kanisani, ananiambia, mama, nigeuzie. Namgeuzia. Nasimamisha mistari, nabana kwa pini tatu.

Asubuhi pini ziko pale pale zilipobanwa, na mistari imelala.